Kumtafuta naturopathi wa kraniosakro: mambo ya kukagua kabla ya kulaza kichwa mikononi mwake

Anayetafuta naturopathi afanyaye tiba ya kraniosakro anatafuta mafundi wawili ndani ya mtu mmoja, na wengi humkagua mmoja tu. Naturopathia ni kazi ya kusikiliza historia ya mgonjwa na kumshauri juu ya lishe, mitishamba, usingizi na mazoezi. Kraniosakro ni kazi ya viganja na vidole. Mtu anaweza kuwa amesoma miaka 4 kwa la kwanza na siku 4 kwa la pili, na kwenye tangazo lake yote mawili yakaandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja. Siku 4 si mfano wa kutia chumvi: kozi ya mwanzo katika mfumo unaofundishwa zaidi ina urefu huohuo. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: mikono yake ilifundishwa na nani, kwa saa ngapi, na ana mipaka gani?

Ni vizuri kujua kwanza kitu chenyewe. Mzizi wake ni osteopathia ya Marekani, yaani tiba ya mikono juu ya mifupa, maungio na misuli. Mwanzoni mwa karne ya 20 William Sutherland, osteopathi, alijenga hoja kwamba mifupa ya fuvu ina mwendo mdogo kwenye maungio yake na kwamba mkono uliozoea unaweza kuusikia. Katika miaka ya 1970 osteopathi mwingine, John Upledger, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliipanga kazi hiyo upya, akaipa jina la kraniosakro, na baadaye akaifundisha hata kwa wasio osteopathi. Kranio ni fuvu. Sakro ni ule mfupa wa pembetatu ulio chini ya kiuno, juu ya kifandugu. Kati ya hivyo viwili kuna utando mgumu unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na ndani yake majimaji ya wazi, kama mililita 150 kwa mtu mzima. Watabibu wa fani hii husema majimaji hayo yana mdundo wake, takriban mara 6 hadi 12 kwa dakika, na kwamba kazi yao ni kuusikia na kuulegeza pale ulipokwama.

Mguso wake ni mwepesi kuliko watu wanavyotazamia. Kipimo kinachofundishwa ni gramu 5. Ukitaka kujua gramu 5 ni nini, chukua mizani ya kidijitali ya jikoni, iweke mezani, weka ncha ya kidole cha shahada juu yake na ubonyeze polepole mpaka namba isome 5. Utashangaa: ukucha haubadiliki rangi, ngozi haibonyei kwa kuonekana, na ukivuta pumzi kwa nguvu namba inaweza kuruka. Fanya hivyo kabla ya miadi. Siku ukilala kitandani na mtu akaanza kukubana fuvu au kukukunja shingo, utajua papo hapo kwamba anachofanya si kile alichokitangaza.

Sasa jambo ambalo mtafutaji anastahili kuambiwa waziwazi. Mdundo huo haujathibitika. Majimaji ya ubongo yanapiga kweli, lakini yanafuata moyo na pumzi. Walipopimwa watabibu 3 wa fiziotherapia juu ya watu walewale 12, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, hawakukubaliana juu ya kasi ya mdundo waliodai kuusikia, na vipimo vya namna hiyo vilivyofuata havikuinusuru hoja hiyo. Kuhusu nafuu, mapitio yaliyotoka mwishoni mwa 2019 yakikusanya majaribio 10 ya watu wenye maumivu ya muda mrefu yaliona maumivu yakipungua. Mapitio mengine ya mwaka 2024 hayakuona faida ya kutegemewa. Kwa maoni yangu, mtu anayelala kimya dakika 50, mwenye mikono tulivu chini ya kisogo chake, anaweza kuinuka amelegea na kichwa kimetulia, na hilo ni jema la kweli. Lakini ni jema la mapumziko na mguso. Halitibu saratani, kifafa, usonji wala maambukizi, na yeyote anayesema linatibu amejiondoa mwenyewe kwenye orodha yako.

Kuna watu ambao hawapaswi kuanza na kitanda hiki kabisa. Maumivu ya kichwa yaliyolipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja ni ya hospitali, usiku uleule. Hivyohivyo maumivu yenye homa na shingo ngumu, yenye kufa ganzi upande mmoja, yenye kupoteza kuona au kusema, yaliyofuata kuanguka au kugongwa, na yale mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Hayo ya mwisho hupuuzwa sana. Mtu mzima mwenye maumivu mapya kwenye panja, kati ya jicho na sikio, na taya zinazochoka akitafuna anaweza kuwa na mishipa ya damu iliyovimba, na kuchelewa wiki chache kunaweza kumgharimu jicho. Tiba yenyewe nayo ina makatazo yake, na mtabibu aliyefundwa huyataja bila kuulizwa: kuvuja damu kichwani kwa karibuni, kiharusi kipya, mshipa wa ubongo uliotuna, fuvu lililovunjika, shinikizo lililopanda ndani ya kichwa, ubongo ulioshuka kuelekea shingoni, na mtu aliyetolewa maji ya uti wa mgongo siku za karibuni. Kwa mwenye mrija wa kutoa maji kichwani, daktari aliyeuweka ndiye wa kuulizwa kwanza. Kwa waliopata jeraha la ubongo, gramu 5 si kinga: katika kundi la wagonjwa 55 wa aina hiyo lililoripotiwa mwaka 1995, watatu walizidiwa baada ya kushikwa.

Tuje kwenye kutafuta. Wengi huanza na orodha ya manaturopathi wa eneo lao na kubofya kisanduku cha kraniosakro. Huko ni kuanza kinyume, kwa sababu visanduku vile kwa kawaida hujazwa na mwenye jina mwenyewe. Anza na daftari la chama au shule ya kraniosakro, lile linaloonyesha kiwango alichomaliza kila mtu. Toa majina ya walio karibu nawe. Kisha lichukue kila jina ulipeleke kwenye daftari la pili, la bodi au chama cha naturopathia. Jina lililo kwenye daftari zote mbili ndilo la kupigia simu. Ukibaki na majina mawili umefanya vizuri; ukibaki na moja, bado ni bora kuliko kumi ambayo hayajakaguliwa.

Ukikosa hata moja, usilazimishe. Unaweza kwenda kwa naturopathi mzuri kwa ushauri na kwa mtu mwingine kwa mikono, awe osteopathi, mtaalamu wa fiziotherapia au mkandaji mwenye leseni aliyesomea kraniosakro. Mara nyingi hii ndiyo njia bora, maana kila mmoja anabaki kwenye anachokijua.

Uzito wa neno naturopathi hutegemea sheria ya mahali. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani naturopathi hapati leseni bila kumaliza chuo cha miaka 4 kilichoidhinishwa na kufaulu mtihani wa bodi. Katika majimbo mengine yasiyo na sheria hiyo, aliyesoma kwa posta anaweza kujiita jina hilohilo. Ujerumani ina cheo cha Heilpraktiker, mtabibu wa tiba asilia asiye daktari, chenye sheria ya tangu 1939: ni lazima kufaulu mtihani wa idara ya afya, lakini sheria haikutaja muda wa kusoma. Uingereza naturopathi na mtabibu wa kraniosakro hawabanwi na sheria ya taaluma, ila kuna daftari la hiari la CNHC, baraza la tiba asilia na za nyongeza, linalopokea fani zote mbili, wakati osteopathi wao ana sheria kamili. Kwa hiyo uliza maneno mawili tofauti: una leseni, au una uanachama? Leseni inaweza kufutwa na mamlaka, na malalamiko yako yana pa kwenda. Uanachama wa hiari una nguvu kadiri chama kinavyojiheshimu.

Kuhusu saa za mafunzo ya mikono, hapa ndipo pa kuchimba. Katika mfumo wa Upledger mtu husoma kwa ngazi, na ngazi za mwanzo huwa za siku 4 kila moja. Aliyekomea ya kwanza amejifunza mpangilio wa hatua 10 na bado hajapata muda wa kuuzoea. Katika tawi jingine la kraniosakro, liitwalo baiodinamiki, mafunzo kamili yanayotambuliwa Amerika Kaskazini ni saa 700 zilizotandazwa kwa miaka. Kati ya pande hizo mbili kuna watu wa kila namna. Saa peke yake hazimfanyi mtu kuwa makini, ila chini ya ngazi mbili na miezi kadhaa ya kushika watu kila wiki, mikono bado inajifunza, na inajifunza juu yako.

Simu yenyewe isizidi dakika 10. Usianze na ugonjwa wako, kwa sababu ukiuanza utapewa matumaini badala ya majibu. Uliza ni nani hasa atakayekushika, maana kwenye vituo vingine naturopathi anaonana nawe kisha mikono ni ya msaidizi. Uliza alisomea wapi, ngazi ipi, mwaka gani, na kwa wiki huwashika watu wangapi. Anayefanya kraniosakro mara mbili kwa mwezi, katikati ya ushauri wa lishe, hana mazoea ya kutosha. Kisha uliza swali ninalolithamini kuliko yote: ni mgonjwa gani humpokei? Mtu aliyefundwa atakujibu bila kusita, atataja damu kichwani, fuvu lililovunjika, shinikizo, na huenda akakuuliza papo hapo kama umewahi kuumia kichwa. Anayejibu kwamba tiba hii ni salama kwa kila mtu kwa sababu ni laini, mshukuru, kata simu.

Uliza pia bei ya kikao kimoja peke yake, urefu wake halisi wa kushikwa mikono, na kama risiti itatenganisha ushauri na tiba ya mikono. Hilo la risiti linaonekana dogo, lakini bima nyingi zinazolipia naturopathia hazilipii kraniosakro, au kinyume chake, na risiti yenye mstari mmoja wa jumla hurudishwa. Pigia bima kabla, utaje majina yote mawili ya huduma na aina ya leseni ya mtoaji, na uandike jina la aliyekujibu pamoja na tarehe.

Miadi ya kwanza kwa naturopathi huwa ndefu, saa moja hadi moja na nusu, na sehemu kubwa ni maswali. Peleka orodha ya dawa zote zenye vipimo vyake, vidonge vya vitamini, chai za mitishamba, na majibu ya picha za kichwa au shingo kama yapo. Asipoigusa orodha hiyo kabla ya kukulaza, mkumbushe. Akiipuuza mara ya pili, vaa viatu. Shinikizo la damu lipimwe. Aulize juu ya ujauzito, kuumia kichwa, upasuaji wa mgongo, na kazi ya meno iliyo karibuni, kwa sababu ya taya.

Kwenye kitanda unalala chali ukiwa umevaa nguo zako zote. Hakuna sababu ya kuvua zaidi ya viatu, mkanda, miwani na hereni. Kazi kwa kawaida huanzia mbali na kichwa: mikono kwenye vifundo vya miguu, kisha chini ya sakro, kisha mkono mmoja chini na mmoja juu ya tumbo, kifua, na sehemu ya chini ya koo. Kila kituo dakika chache. Ndipo anakaa nyuma ya kichwa chako. Anaingiza vidole vyake chini ya kisogo, pale shingo inapokutana na fuvu, ncha zikielekea juu, na kukiacha kichwa kijishushe chenyewe. Hapo watu wengi hukosea wakidhani kichwa kinanyanyuliwa. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na uzito huo wenyewe ndio unaolegeza misuli midogo ya kisogo. Mtabibu hasukumi, anasubiri. Dakika ya pili au ya tatu shingo inakubali, na viganja vinapokea kichwa polepole kama bakuli linalojaa. Baada ya hapo vidole huhamia paji la uso, pande za fuvu juu ya masikio, na wengine huvuta ndewe za masikio kwa upole kuelekea nje.

Mikono ikiwa ya baridi, au anazungumza mfululizo, au kiti chake kiko juu sana hata mabega yamepanda na vidole vinatetemeka, kikao hicho kimeharibika hata kama cheti kiko ukutani. Kwenye kiungo cha taya wapo wanaofanya kazi ndani ya mdomo. Hiyo inahitaji glavu mpya, maelezo kabla, na ruhusa yako ya siku hiyohiyo, si ile uliyotia saini mapokezi. Mikono chini ya sakro nayo inahitaji ruhusa ya maneno. Anayeisogeza bila kusema kitu amekosea, na una haki ya kusimamisha kikao. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali kwa dakika 50, bali kwa ubavu, mto ukiwa kati ya magoti, kwa kuwa tumbo huulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukimaliza, kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama. Kizunguzungu hapo ni cha kawaida na huisha. Kichwa kinachoendelea kuuma siku ya pili kwa namna mpya si cha kusubiri kikao kijacho.

Hatari kubwa zaidi kwa mtu huyu wa fani mbili, kwa maoni yangu, iko mezani baada ya kikao. Umelegea, macho mazito, unakubali lolote, na ndipo chupa zinapopangwa. Hiperikamu, mmea uitwao pia St John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini na baadhi ya dawa za VVU. Ginko huongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Likorisi, mzizi mtamu wa dawa, ikitumiwa mfululizo hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Jiwekee sharti kabla hujatoka nyumbani: hakuna chupa inayonunuliwa siku ya kikao. Chukua majina na vipimo kwenye karatasi, umwonyeshe mfamasia kesho yake. Naturopathi mwaminifu hatakasirika, na wengi hupendelea hivyo. Na neno la kuacha dawa ya kifafa, ya sukari, ya presha au ya akili lisitekelezwe kamwe kwa kauli yake peke yake. Aliyeandika dawa ndiye wa kuipunguza.

Jambo la pili ni vifurushi vya vikao 10 vyenye punguzo. Usilipe. Watu hupanga miadi pale maumivu yanapokuwa kileleni, na kipandauso pamoja na maumivu ya shingo vina tabia ya kupanda na kushuka vyenyewe, hivyo kikao chochote kinachofuata kilele kitaonekana kimeponya. Dawa ya hilo ni daftari. Wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza andika kila jioni namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, saa ulizolala, na vidonge ulivyomeza. Endelea hivyo katika vikao 3, kimoja kila wiki, na wiki mbili baada ya cha mwisho. Linganisha wastani wa wiki mbili za mwanzo na wa wiki mbili za mwisho, na uhesabu vidonge, kwa kuwa vidonge havina upole wa kumfurahisha mtabibu. Wastani ukishuka kutoka 6 hadi 3 na vidonge vikapungua, endelea kwa amani kadiri mfuko unavyoruhusu. Ukitoka 6 hadi 5.5, umelipia mapumziko, na yapo mapumziko ya bei nafuu zaidi.

Kwa watoto wachanga ningekuwa mkali zaidi. Wazazi waliokesha na mtoto anayelia kila jioni huwa tayari kujaribu lolote, na uchovu huo unastahili huruma. Lakini kilio hicho cha tumbo kwa kawaida hufika kilele karibu na wiki ya 6 na kupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4, kwa hiyo tiba iliyoanzishwa wiki ya 7 itasifiwa kwa kazi ya kalenda. Kichwa kilichobonyea upande mmoja au shingo iliyopinda kionwe kwanza na daktari wa watoto, kisha mtaalamu wa fiziotherapia. Utosi wa mtoto uko wazi hadi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na hakuna kidole kinachopaswa kuubonyeza. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi waliripoti kifo cha mtoto wa miezi 3 baada ya shingo na mgongo wake kukunjwa kwa nguvu katika kikao kilichoitwa kraniosakro.

Mzazi anayeamua kwenda hata hivyo amshike mtoto mwenyewe kifuani au mapajani muda wote, mtabibu aweke mkono juu ya mkono wa mzazi kwanza ili uzito wake usikike, na kidevu cha mtoto kisielekezwe kifuani hata mara moja. Mtoto akibadilika rangi, akilegea au akinyamaza ghafla katikati ya kilio, mikono yote iondoke na msaada wa hospitali uitwe palepale.